Kupanga sarafu zako za zamani kwenye albamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wakusanyaji wa sarafu za huku kwetu wanauliza sana, kuanzia za Sultani wa Zanzibar na Mjerumani mpaka hizi za BoT (Benki Kuu ya Tanzania) na za Kenya. Mifano yote nimeitoa kwenye sarafu za Afrika Mashariki kwasababu ndo ninazozifahamu na ndo watu wengi wamerithi kwa babu na bibi, ila utaratibu wenyewe unafaa kwa mkusanyiko wowote.

Nina sarafu zimejaa kopo la Blue Band, ninunue albamu gani?

Usinunue bado. Kwanza tandika kitambaa laini mezani, zimwage taratibu, afu uzitenge mafungu kwa kufuata nani alizitoa. Utashangaa fungu lipi kubwa. Kuna mtu anadhani ana mkusanyiko wa Tanzania, akishatenga anakuta robo tatu ni East Africa ya wakoloni na Tanzania ni senti ishirini za mbuni basi. Huyo akinunua albamu ya Tanzania imekula kwake.

Albamu zenye vishimo vilivyochapwa tayari zinakupangia mtengenezaji anavyotaka, na kwa sarafu zetu hizo ni chache sana. Kwahiyo mpango uanze kwako, kwenye karatasi, na kalamu ya risasi. Andika ukurasa wa kwanza nini, wa pili nini. Ukishaona mpango unakaa sawa ndo unaenda kutafuta albamu inayoubeba.

Nipange kwa nchi, kwa mwaka au kwa thamani?

Mi nashauri upange kwa aliyetoa, afu ndani yake kwa mwaka, afu thamani kuanzia ndogo kwenda kubwa. Sababu yangu ni kwamba pesa za ukanda huu zimebadilika kila alipobadilika mtawala, ukizipanga hivyo mtu anafungua albamu anaona historia inatembea bila kuambiwa kitu.

Angalia mfululizo unavyokaa. Mwanzo kabisa Sultani Barghash wa Zanzibar, paisa za shaba na riale za mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Inafuata kampuni ya Waingereza, IBEA, iliyotoa sarafu zilizoandikwa Mombasa kuanzia 1888. Afu kampuni ya Wajerumani, DOAG, pesa za shaba na rupia zenye Kaiser Wilhelm amevaa kofia ya chuma, kuanzia 1890. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64, afu 1904 serikali ya Kijerumani ikaanza kutoa yenyewe na rupia ikawa heller 100. Upande wa Waingereza nao zikaja senti za Protectorate (nchi lindwa za Waingereza, Kenya na Uganda za leo), mwaka 1920 ikatoka florin, na 1921 ndo shilingi ya East Africa ikaingia ikakaa mpaka 1966 kila nchi ilipoanza kutoa sarafu zake.

Sasa we jaribu kupanga hayo kwa thamani, yaani senti zote pamoja na rupia zote pamoja, hadithi yote inapotea, rupia ya Mombasa ya 1888 inajikuta jirani na rupia ya Mjerumani ya 1910 na hazina uhusiano zaidi ya uzito.

Kupanga kwa ukubwa ili ukurasa upendeze machoni, sikushauri kabisa.

Shilingi ya East Africa naiweka ukurasa wa Kenya au wa Tanzania?

Hili linawasumbua wengi na naelewa kwanini, mtu ana shilingi ya 1952 yenye simba, kaipata Moshi kwa bibi yake, anaona ni ya Tanganyika. Mwenzake kaipata Nakuru anasema ya Kenya. Ukweli sarafu ni ileile moja. Ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1919, ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikaingia 1936. Baadae ikafika mpaka Aden. Hakuna alama yoyote juu yake inayosema ilitumika wapi.

Kwahiyo ipe sehemu yake yenyewe, East Africa, katikati ya albamu, baada ya wakoloni wa kwanza na kabla ya nchi huru. Baada ya hapo ndo albamu inagawanyika njia tatu, Tanzania, Kenya, Uganda, zote zikianzia 1966. Mi huu mgawanyo naupenda sana kwasababu unaonyesha kwa macho kitu ambacho vijana wengi hawakijui, kwamba kulikuwa na wakati mtu anatoka Kisumu mpaka Mtwara na shilingi hiyohiyo mfukoni.

Kama unataka kukumbuka ilitoka kwa nani, andika kwenye lebo: "ya bibi, Moshi". Hiyo ni habari ya thamani na ikipotea hairudi.

Na zile ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya huku ila zilitumika huku?

Ziwekee ukurasa wa mwanzo kabisa, kabla ya Barghash. Rupia za India zenye Malkia Victoria zilikuwa pesa halali huku miaka mingi, na ile dola kubwa ya fedha ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata kama ilitengenezwa miaka mia baadae, ilizunguka sana Zanzibar na pwani yote. Bila hizo mbili mtu haelewi kwanini rupia ya IBEA na ya Mjerumani zilikuwa na uzito uleule wa gramu 11.66 kama ya India. Walifuata pesa ambayo watu walikuwa wanaiamini tayari.

Nikusanye kila mwaka au moja moja ya kila aina?

Inategemea mfuko na subira. Ukianza, chukua moja ya kila aina. Aina maana yake sura ya sarafu imebadilika: mfalme mwingine, maandishi mengine, madini mengine. Mfano za Kenya, zile za mwanzo kuanzia 1966 zina Kenyatta bila maandishi kuzunguka kichwa, kuanzia 1969 yakaongezwa maandishi ya rais wa kwanza. Hizo ni aina mbili, na watu wengi wanazo zote mbili kwenye kopo na hawajawahi kugundua.

Ukishakamilisha aina, chagua thamani moja tu unayoipenda ndo utafute kila mwaka. Mi ningekuambia uchague senti kumi ya East Africa, ile kubwa yenye tundu. Ni rahisi kupatikana, bei yake haiumizi, na ndani yake kuna mambo mengi. Chukua ya 1936. Igeuze utaona meno mawili ya tembo yamelizunguka tundu, na mwaka. Upande wa pili kuna taji na jina la mfalme, soma vizuri, kuna zilizoandikwa EDWARDVS VIII. Huyu ni yule mfalme aliyeachia kiti Desemba 1936 kabla hata ya kuvikwa taji, kwao Uingereza hakupata kuwa na sarafu za kawaida mtaani, ila huku kwetu sarafu zilikuwa na tundu na hazikuhitaji kichwa cha mfalme, jina tu lilitosha, kwahiyo zikatengenezwa na zikatumika sokoni. Afu tafuta herufi ndogo: H ni kiwanda cha Heaton, KN ni King's Norton, na isiyo na herufi ni ya London. Mwaka mmoja, mfalme mmoja, nafasi tatu kwenye ukurasa.

Funga mstari huo na ya 1964, ile isiyo na taji wala jina la malkia. Nchi zimeshapata uhuru ila sarafu bado ni ya pamoja. Naiona ni moja ya sarafu nzuri zaidi tulizowahi kuwa nazo na watu wanaziuza kama vyuma chakavu.

Albamu ziko za aina gani?

Kwa ufupi ziko tatu. Kuna folda ya kadibodi ambayo unabonyeza sarafu kwenye kishimo, rahisi, ila unaona upande mmoja tu na mgongo unagusa karatasi. Kuna albamu yenye kurasa za vishimo na plastiki mbili za kuteleza, pande zote mbili zinaonekana, inapendeza kweli ila vishimo vina saizi maalum na za huku hazikai vizuri. Afu kuna ya tatu, faili la ringi lenye kurasa za mifuko ya plastiki, sarafu unaiweka kwanza kwenye kadi ya mraba ya sentimita 5 kwa 5 yenye dirisha, unakunja, unafunga, unaiingiza mfukoni. Ukurasa mmoja unabeba kadi 20.

Kwa mkusanyaji wa Afrika Mashariki chukua hiyo ya tatu, usisumbuke kutafuta nyingine. Unaongeza ukurasa katikati muda wowote, unahamisha kadi bila kugusa sarafu, na umbo lolote linakaa, iwe senti tano ya Tanzania yenye kona kumi na mbili au kobole (shilingi tano) ya Kenya yenye pande saba.

Albamu ya picha yenye kurasa za gundi usiitumie kabisa, hata kama umepewa bure.

Mbona sarafu zangu zimeota ute wa kijani na ziko kwenye plastiki nzuri?

Hiyo plastiki ni PVC. Ni ile laini inayopindika, inanuka kama pazia jipya la bafuni. Kulainishwa kwake kunafanywa na kemikali ambayo baada ya muda inatoka na kuanza kuila shaba, na kwenye joto letu inatoka haraka zaidi. Ute ukiachwa unachimba na hapo hakuna dawa.

Toa sarafu zote humo leo. Zenye ute zilowekwe kwenye asetoni safi, siyo ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta, dakika kadhaa kwenye chombo cha glasi, nje penye hewa na mbali na moto, afu ziache zikauke zenyewe bila kufutwa. Asetoni haigusi madini, inatoa uchafu wa plastiki tu.

Ukinunua kurasa na kadi mpya uliza kama ni polipropilini, polithini au PET (inaitwa pia Mylar). Muuzaji akishindwa kukujibu acha. Hili ndo jambo ambalo naomba usilifanyie ubahili, bora ununue kurasa mbili nzuri kuliko kumi za PVC.

Saizi ya dirisha najuaje?

Pima kwa vernia, au rula kama huna. Kadi zinauzwa kwa milimita na zinapanda kwa mbili na nusu: 17.5, 20, 22.5, 25 na kuendelea. Chagua dirisha linaloizidi sarafu kidogo ili plastiki isivutike na karatasi isifunike maandishi ya ukingoni. Shilingi ya East Africa ni kama milimita 28, kwahiyo chukua ya 30. Senti kumi yenye tundu na rupia zote zinapita kidogo 30, chukua 32.5. Maria Theresa ana karibu 40, huyo mnunulie kapsuli yake (kikasha cha plastiki ngumu cha sarafu moja).

Kadi za kupiga pini au za gundi?

Za gundi kwa pwani, kwasababu pini zinashika kutu. Bara pini sawa, ila baada ya kupiga bana migongo ya pini kwa koleo mpaka ilale, la sivyo ukifunga albamu inakwaruza sarafu ya ukurasa wa pili. Na usipige pini karibu na sarafu, na wakati wa kuitoa chana karatasi, usiivute sarafu ipite kwenye pini.

Upande gani uangalie mbele?

Kwenye kadi pande zote zinaonekana, swali ni upande upi uuone ukifungua ukurasa. Amua kitu kimoja na ukifuate sehemu nzima. Kwa East Africa mi naweka simba mbele, na huo ndo upande wenye mwaka. Kwa Tanzania naweka wanyama mbele, sungura wa senti hamsini, tembo na mtoto wake kwenye shilingi ishirini, simba kwenye mia mbili, nyati kwenye mia tano ya 2014, maana vichwa vya viongozi vikijaa ukurasa mzima mtu hatofautishi thamani. Kwa Kenya za zamani wanyama hakuna, weka rais, kwasababu kubadilika kwa Kenyatta, Moi na Kibaki ndo kunakuonyesha kipindi. Zile za Desemba 2018 ndo zikaja na twiga, kifaru, simba na tembo.

Halafu hili jamani, angalieni za Kiarabu. Nimeona makusanyo mazuri kabisa paisa za Barghash zimewekwa kichwa chini, na pesa za DOAG vilevile kwasababu mtu katazama tai wa Kijerumani akasahau upande wa pili. Kama husomi Kiarabu muoneshe yeyote aliyepita madrasa, dakika moja tu kashakupangia. Na kwenye lebo andika miaka yote miwili, 1299 H na 1882.

Nizisafishe kwanza ndo ziingie albamuni?

Hapana. Usitumie ndimu wala jivu, dawa ya meno, Brasso au sabuni ya unga. Ule weusi kwenye fedha na kahawia kwenye shaba ndo ngozi ya sarafu, mnunuzi anayejua akiona inang'aa kama kijiko kipya anashusha bei palepale. Vumbi na mchanga unaweza kuondoa kwa maji safi tu bila kusugua, ikauke kabisa kabisa, ndo iingie.

Ambazo sina niache nafasi?

Acha. Weka kadi tupu yenye lebo ya sarafu unayoisubiri. Ukurasa wenye mapengo unakuambia utafute nini ukienda mnadani au ukikaa na wazee. Ila kuwa mkweli kwenye mpango, usiweke nafasi ya riale ya dhahabu ya Barghash au ya rupia 15 ya Tabora ya 1916 kama hutarajii kuinunua, mapengo yasiyozibika yanakatisha tamaa.

Tabora lakini usiache bila kuigusa. Wajerumani walipofungiwa bahari kwenye vita walitengeneza sarafu kwenye karakana ya reli palepale Tabora, na ukiacha ile ya dhahabu yenye tembo kuna heller 20 na heller 5 za 1916 ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzipata. Heller 20 zipo za shaba nyekundu na za shaba njano, weka zote mbili ubavuni, na herufi T ionekane. Ukizilinganisha na heller za Berlin zenye A unaona kabisa hii ilipigwa kwa haraka, kingo hazijakaa, maandishi mengine hayajajaa. Ya dhahabu kama umeipata kwa bei rahisi peleka kwa anayejua kabla hujafurahi, feki zake ni nyingi mno.

Lebo niandike nini?

Aliyetoa, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda, madini, umeipata wapi na kwa nani. Bei uliyonunulia iandike kwenye daftari, siyo kwenye kadi. Andika kabla ya kuweka sarafu ndani, usikandamize kalamu juu yake.

Madini usiyaruke. Shilingi ya East Africa mpaka 1946 ina fedha robo, kuanzia 1948 haina fedha tena. Kwa macho hazitofautiani sana, ila baada ya miaka zinabadilika rangi tofauti na bila lebo utadhani umeharibu.

Unyevu wa pwani nafanyaje?

Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ina maji na chumvi, na sarafu za siku hizi kama shilingi mia na mia tano zina chuma ndani (jaribu sumaku utaona), zikikwaruzwa kidogo tu kutu inaanza. Simamisha albamu, usiilaze na kuipandishia vitabu. Iweke kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja na viatu, vingi, na uvibadilishe. Chumba chenye jiko au dirisha la baharini hapana. Mbali na rababendi, magazeti, viberiti na kabati la mbao mbichi, vyote vinatoa hewa inayoitia fedha weusi.

Ifungue mara kwa mara uikague, siku kavu, mikono imeoshwa, na sarafu ishikwe ukingoni tu.

Za thamani zaidi ziwe humohumo?

Zitoe. Ziweke kwenye kapsuli, mahali salama, na kwenye albamu uweke picha yake ya saizi halisi kwenye ile nafasi. Ukurasa haupungui kitu na ukimpa mgeni albamu huna wasiwasi. Hii inahusu pia zile za wanyama za Tanzania za 1974, twiga wa shilingi 25 na kifaru wa shilingi 50, ni kubwa na nzito, zinararua mifuko.

Naweza kuzitundika ukutani kwenye fremu?

Unaweza kwa zile za kawaida ulizonazo nyinginyingi, ila usibandike na gundi, tumia kadi ya kutobolewa, na isipigwe na jua.

Noti zikae albamu moja na sarafu?

Hapana, sarafu zinazikunja na kuzitia alama. Nunua albamu ya noti, afu kwenye ukurasa wa sarafu andika "noti zake ziko albamu ya pili, ukurasa fulani".

Nikishamaliza kupanga?

Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, mwanga wa mchana bila flashi. Tunza picha kwenye simu na sehemu nyingine nje ya simu, pamoja na daftari la bei. Na muoneshe mtu mmoja nyumbani albamu iko wapi na ipi ni ipi, kwasababu sarafu nyingi nzuri za ukanda huu zimeishia kwa wanunua vyuma na wafua pete baada ya mwenyewe kufariki na watoto hawakujua kilichokuwa kwenye kabati.